Mrija wa Mama Mkubwa

Nikisikia harufu ya unga wa ulezi uliochachuka ukikaangwa kwa ajili ya pombe, bado nageuza njia. Kwetu Nyansurura, miaka ya hamsini, harufu hiyo ilitoka nyumbani kwa Mama Mkubwa, mke wa kwanza wa baba. Mimi ni binti wa mke wa pili. Mwanamke yule, jamani, alikuwa na uchu wa cheo! Baba alitosheka na ng'ombe wake, lakini mkewe alimtaka awe jumbe. Alimwambia mbele yetu sote, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe umekaa tu kama gogo." Hata kiti cha kusikilizia kesi alikwisha kukichongesha.

Msimu ule, baada ya mavuno, akapika pombe na kuwaalika wazee pamoja na jumbe, ambaye alikuwa amezeeka na bado hajamtaja wa kushika nafasi yake. Kwetu mpishi wa pombe huvuta mrija kwanza, wageni wakimwona, ili wajue chunguni hakuna sumu. Siku ile Mama Mkubwa, kwa pupa ya kumtukuza jumbe, alimpa mrija kabla yeye mwenyewe hajaonja. Wazee wakatazamana. Jumbe akacheka, akanywa, akamtaja baba. Baada ya siku chache akafa.

Baba alikalia kile kiti, lakini wazee waliokuja kusikiliza kesi walikataa hata maji ya nyumbani kwetu. "Hatuna kiu," walisema, na midomo imewakauka! Mama yangu akanionya, "Ole wako ule kwa mwenzangu." Nami nikaanza kumchunguza Mama Mkubwa: mbona anafunika chungu mapema? Mbona ananyamaza nikiingia? Kuona hivyo akapika pombe nyingine, akavuta mrija mbele ya watu mpaka machozi yakamtoka. "Mnaona? Mnaona?" Mzee mmoja akamjibu, "Leo tunaona. Siku ile hatukuona." Lisemwalo lipo, watu wakasema, na kama halipo laja. Kesi zikahamia kijiji cha pili, baba akavuliwa ujumbe, naye kwa hasira akamhamishia Mama Mkubwa kwenye kibanda cha nyuma ya zizi.

Alipougua, mama alinituma nimpelekee uji. Nilimkuta amekonda, amebaki macho.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba. Nani kaupika?"

"Mama."

Akautazama uji, akanitazama mimi, akanirudishia kibuyu. "Onja kwanza, mwanangu."

Nikaonja. Akaendelea kunitazama, mpaka uji ukapoa.

Sasa naishi Turwa, na wageni wangu hufunguliwa soda mbele ya macho yao. Vijana wanasema ni ustaarabu tu. Kama yule mama aliua, au alisahau desturi kwa furaha, sijui, na nimezeeka nikilichukia swali hilo. Najua tu kwamba alikufa akituogopa sisi kama tulivyomwogopa. Mke wa mwanangu akiniletea chai, namwambia, "Kaa, mama, tunywe wote." Hufurahi sana, anasema hajaona mkwe mwenye upendo kama mimi. Nampenda kweli. Lakini sinywi mpaka nimwone amemeza.