Kadi za Mama Miaka

Ukitia mguu tu katika chumba cha watoto cha maktaba ile, hata hujasema hodi, swali limeshakufikia kutoka nyuma ya meza: "Miaka mingapi?" Si jina, si habari za nyumbani. Miaka! Ndiyo maana watoto walimwita Mama Miaka, naye akajifanya hajui.

Kwa miaka kumi na tisa mama huyu alikuwa akiwachagulia watoto vitabu, na utaratibu wake ungedhani umeshuka kutoka mbinguni. Ndani ya jalada la nyuma la kila kitabu alibandika kadi, na kwenye kadi akaandika kwa kalamu nyekundu: miaka 3–5, miaka 6–8, miaka 9–11, akapanda hivyo hivyo mpaka vijana wenye ndevu za kuhesabika. Mtoto wa miaka minane na miezi kumi na moja akitaka kitabu cha miaka tisa, aliambiwa arudi mwezi ujao. Siku moja kinyozi wa ng'ambo ya barabara alimleta mwanawe, aliyekuwa akisoma hata maandishi ya kwenye makopo ya mafuta ya nywele.

"Ana miaka sita, mama, lakini kichwa chake chepesi."

"Kichwa utakijua wewe, ndiyo kazi yako," akajibiwa. "Mimi najua miaka."

Mtoto akaondoka na hadithi ya bata.

Na tusimnyime haki yake, alikuwa hodari. Wazazi walimsikiliza kama wanavyomsikiliza daktari. Lakini mganga hajigangi. Kitindamimba wake, binti wa miaka kumi na minne, alikuwa hasomi. Kila siku baada ya shule alikuja kumsubiri mama yake afunge, akajikunja kwenye mkeka wa kona ya nyuma, kichwa chini, na mama hakuwa na shaka kwamba kimeinamia simu. Alishamwekea vitabu chini ya mto, juu ya jokofu, hata chooni. Jibu lilikuwa moja: "Sijakisoma, mama." Naye alichokitaka hapa duniani hakikuwa kikubwa: amchagulie mwanawe kitabu kimoja tu, akipende, wakae wakizungumze. Watoto wa watu hawana idadi, na wa kwake hata huyo mmoja! Lilimuuma, tena lilimuuma hasa.

Basi siku moja yule mtoto wa kinyozi, ambaye sasa alikuwa na miaka saba, akaja mezani na kitabu cha miaka tisa.

"Miaka mingapi?"

"Kadi inasema naruhusiwa."

Mama Miaka akafunua jalada. Lahaula! Maandishi yake mekundu yamepigwa mstari, na chini yake kumeandikwa kwa herufi nene nyeusi: "Umri wowote, ilimradi huogopi nyoka. Yuko ukurasa wa thelathini."

Akachomoa kingine. "Miaka 6–8? Si kweli. Hiki ni cha mtu aliyegombana na dada yake leo asubuhi." Kingine: "Kinachosha mpaka sura ya nne. Ruka." Na kile alichokipenda kuliko vyote vya vijana: "Mawaidha matupu. Mpeni mwalimu mkuu."

"Huyu hana adabu hata chembe!" akafoka. Kilichomkera zaidi ni kwamba vitabu vilivyochafuliwa ndivyo vilivyokuwa vikigombaniwa. Watoto hawakumuuliza tena. Walifunua jalada la nyuma kwanza, wakacheka, wakachukua.

Ukutani palikuwa na sheria: atakayeandika ndani ya kitabu atafuta vumbi rafu zote, mbele ya watu. Mama Miaka akaapa kwamba safari hii itatekelezwa. Mlinzi akaamriwa kukusanya penseli na kalamu zote mlangoni, zikajaa ndoo. Maandishi yakaendelea. Mapacha wa fundi cherehani wakaandikishwa insha nzima ili mwandiko wao ulinganishwe, ukawa mbaya kiasi kwamba aliwaachia kwa huruma. Na mikosi haiji mmoja mmoja: wanja wake wa penseli ulikuwa umepotea kwenye meza ya kioo kule nyumbani, ikawa wiki ya pili anakwenda kazini bila nyusi. Mlinzi alimuuliza kama anaumwa.

Mwishowe akamwendea binti yake pale mkekani.

"Weka hiyo simu, unisaidie kumkamata huyu shetani."

"Simu ipi, mama? Si uliipeleka kwa fundi tangu mwezi uliopita?"

Mama akaguna tu. Hasira hasara, maneno yakaingia sikio hili yakatokea lile.

"Lakini mama," binti akaongeza, "labda huyo mtu anasema kweli."

"Kweli gani? Mtu hana hata cheti!"

Alhamisi jioni watoto walikuwa wameshaondoka, na binti ametumwa mkate. Mama Miaka akabaki akikagua rafu ya vijana, mkono wake ukaangukia kitabu chenye jalada la kijani. Alikijua. Miaka miwili nyuma, wiki chache baada ya kumzika mama yake mzazi, alikibeba nyumbani: hadithi ya msichana aliyefiwa na bibi. Kadi ilisema miaka 12–14, na binti alikuwa na kumi na miwili kamili. Asubuhi yake kitabu kilikuwa juu ya meza ya jikoni. "Sijakisoma, mama."

Akafunua jalada la nyuma, kidole gumba kikateleza kwenye maandishi, kikatoka cheusi. Akakisugua. Laini, kina mafuta.

"Wanja wangu!" akapiga kelele peke yake. Kikulacho ki nguoni mwako! Akaufuata ufagio, na njiani akasoma.

"Usimpe mtu mwaka aliomzika bibi yake. Subiri. Mimi nilifika ukurasa wa pili nikashindwa, nikasema sijakisoma. Mwaka huu nimekisoma mara mbili. Mama alichagua sawasawa, ila aliwahi."

Ufagio ukabaki palepale. Aliketi kwenye mkeka wa binti yake, akalia kama mtoto, na bahati yake siku hiyo hakuwa na wanja wa kumchuruzika. Alipopapasa chini ya mkeka akakuta kipande kilichobaki. Akaandika chini ya yale maneno: "Nisamehe. Nilikuwa nalia mimi, nikakupa wewe kitabu. Miaka 47."

Kesho yake alasiri, chumba kimejaa, binti akasimama mezani na kile kitabu.

"Mama, kuna mtu ameandika humu. Kwa wanja."

Mama Miaka akainuka, akachukua matambara mawili, akamtupia moja. Wakaanza rafu ya juu, watoto wakishangilia kama wako mpirani. Mtoto wa kinyozi akapenya mpaka miguuni pao.

"Mama Miaka, leo nichukue kipi?"

"Miaka..." akaanza, kisha akaelekeza kwa tambara. "Muulize huyu."

Binti akamtazama mtoto juu mpaka chini. "Leo umegombana na nani?"

Walipofika rafu ya nne, binti akasema polepole, bila kugeuka, "Ule ukurasa wa pili, mama. Anapoikuta miwani ya bibi yake juu ya redio."

"Hata mimi nilikwama hapo hapo," mama akasema, na rafu zilizobaki hazikufutwa siku ile.