Kiti cha Were

Shangazi yangu Jael hakuipenda miwa, na simlaumu. Miaka ile ya sabini kila mtu kijijini Khwisero aliipanda mpaka mlangoni, pakakosekana hata mahali pa kuanika mahindi. Mumewe, Were, naye akapanda. Lakini miwa huchukua karibu miaka miwili kukomaa, na Were hakuwa mtu wa kukaa akiitazama. Akaenda Watamu, pwani, akapata kibarua cha kufyeka nyasi hotelini. "Miwa ikikomaa nitakuwa nimerudi," alisema.

Iliyorudi ni barua. Siku ya mapumziko alitembelea majabali ya hifadhi ya taifa ya baharini, wimbi likamchukua. Mwili haukuonekana.

Kwao, mtu aliyepotea majini huzikwa kwa mgomba: shina hukatwa, likalazwa kaburini mahali pake. Lakini wazee wa ukoo walitaka kwanza Were aendewe. Mtu wa nyumbani afike pale alipofia, aokote jiwe, amwite kwa jina, kisha arudi naye bila kuzungumza na mtu mwingine yeyote mpaka langoni. Akizungumza, marehemu hubaki hapo hapo njiani.

Nani angekwenda? Patroba, ndugu ya Were, alikuwa na miguu mizima na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. "Shemeji, miwa yangu imekatwa, iko chini, trekta inachelewanga," alisema. "Ikikauka nitakula nini?" Hasira hunipanda hadi leo nikilikumbuka jibu hilo. Akaenda Jael, ambaye maishani hakuwa amevuka Kisumu.

Majabali yale ni ya matumbawe, meusi, yenye ncha kama meno ya msumeno, na bahari imeyala chini mpaka yameinama juu ya maji. Jael alivua viatu, kama mtu anayeingia matangani. Hatua ya tatu nyayo zikachanika. Akaendelea hivyo hivyo mpaka ukingoni, akaokota jiwe.

Mlinzi wa hifadhi, Athman, alikuwa akimfuata taratibu. "Pole kwa msiba, mamangu," alisema baada ya kuelezwa yote. "Lakini humu hakitoki kitu, hata kombe la chaza. Lirudishe jiwe. Mwite tu, sauti haikatazwi."

Akaita. "Were! Nimekujia. Miwa ilikomaa zamani. Twende nyumbani." Mawimbi yalinguruma hata hakujisikia mwenyewe.

Kwa kuwa hakuwa na jiwe, kilichobaki cha kumshika Were ni ukimya. Kwenye basi la kurudi alikata tikiti mbili kwa kuonyesha vidole tu, akamwachia Were kiti cha dirishani, maana alipenda kutazama nje. Mtu akitaka kukaa pale, Jael alitikisa kichwa. Na kwa sauti ya chini alimpa mumewe habari za nyumbani: ng'ombe amezaa, paa linavuja, Patroba kanunua baiskeli. Aliniambia hakuwa ameongea na mumewe kwa raha hivyo tangu waoane.

Mtito Andei basi likasimama, watu wakashuka kula. Jael alibaki. Mwanamke mmoja, mgeni kabisa, akapanda na kikombe cha chai, akamwekea mkononi, akaona damu kwenye miguu. "Dada, umeumia! Unasafiri peke yako?"

Tangu barua ile ifike, hakuna aliyekuwa amemuuliza Jael neno lolote juu yake mwenyewe. Mdomo ukajibu kabla hajauzuia. "Ndiyo," alisema. "Niko peke yangu."

Kutoka hapo hakusema tena na dirisha.

Langoni wazee wakamuuliza, "Umekuja naye?" Akaitikia kwa kichwa. Mgomba ukazikwa. Patroba akalia kuwashinda wote, watu wakala obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, kisha wakarudi kwenye miwa yao.

Jael aliniambia mimi tu, miaka mingi baadaye, tukipalilia. Nikajaribu kumtuliza. Nikasema, shangazi, neno moja la kumjibu mtu aliyekuletea chai haliwezi kumwacha mtu njiani.

Aliendelea kulima hadi mwisho wa mstari.

"Hata kama haliwezi," alisema. "Alikuwa amekaa pale, akanisikia nikisema sina mtu."