Bembea ya mke wangu Karatu: nilianza na katani, nikaja ngozi ya ng'ombe, nikaishia mnyororo wa plau

Wakuu, heshima zenu, mliopo majumbani na mliojificha ofisini mnasoma badala ya kufanya kazi.

Jana niliwakuta humu mnabishana kuhusu bembea ya kuweka nje ya nyumba. Mmoja anasema chuma, mwingine mbao, mwingine kanunua ya plastiki na jua limeikausha mpaka imepasuka. Nimesoma komenti zote nikawa natabasamu peke yangu. Hiyo shule mimi nimeisoma zamani sana.

Nawaletea yaliyonikuta, bila chumvi. Na hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi, kwa sababu mke wangu Paskalina yuko hapa kwenye kochi na kila aya anataka asomewe kwanza.

Ni mambo ya mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa bwana mifugo kijana, naishi Karatu, na kazi ya majosho ilikuwa inanipeleka mpaka Kakesio kwa Wamasai, siku kadhaa ndiyo narudi. Sukari ya foleni, sabuni ya foleni, dizeli ya kubahatisha. Waliokuwepo wanajua.

Nyumba yetu ilikuwa juu ya mteremko, nje kidogo ya mji. Mbele mashamba ya ngano yanashuka mpaka macho yanachoka, nyuma msitu wa Ngorongoro umelala kule juu kwenye ukingo wa kreta.

Asubuhi ukungu ulikuwa unatoka huko msituni, unashuka polepole, unaingia uani kwetu na kukaa mpaka saa nne. Kengele za ng'ombe unazisikia, ng'ombe huwaoni. Nguo kwenye kamba zinaonekana zimening'inia hewani tu. Udongo mwekundu, ukungu mweupe, na harufu ya moshi wa kuni. Mpaka leo nikilala mchana huwa narudi pale.

Sasa jambo lenyewe.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa wakati wa masika, akafariki kabla hatujampa jina.

Sisi Wairaqw tulikuwa na desturi yetu. Nyumba iliyopatwa na msiba wa namna ile inakaa pembeni kwa muda. Hamwendi kwa watu, watu hawaji kwenu, maji hamchoti na wenzenu. Hakuna anayewachukia. Watu wanawasalimia kutoka njiani na wanawaonea huruma kweli, ila wanaogopa balaa lisije likawafuata, hasa wenye watoto wachanga. Katekista wetu alikuwa anasema hayo ni ya kale, tuyaache. Watu walikuwa wanaitikia vizuri kanisani, wakifika nyumbani wanaendelea.

Muda wetu ukaisha. Wazee wakaja, wakafanya yao, wakasema nyumba iko safi na sisi ni watu wa watu tena.

Mimi nilitoka siku hiyo hiyo. Paskalina hakutoka.

Hakuwa mgonjwa. Alipika, alifagia, ukimwuliza jambo anajibu. Lakini mchana hakuvuka kizingiti cha mlango. Na mwanamke mwenye mtoto mgongoni akipita njiani, yeye anarudi ndani kabisa, chumba cha nyuma, mpaka nyayo zipotee.

Nikamwuliza kuna nini. Alinijibu kwa sauti ya kawaida tu, huku anachambua maharage:

"Mikono yangu siyo ya kushika mtoto wa mtu. Wazee wamesema ya kwao. Mimi najijua."

Wakuu, niliogopa. Nilikuwa natibu mifugo ya tarafa nzima na hili sikujua dawa yake. Nilimwona akizeeka humo ndani, mimi niko Kakesio naogesha ng'ombe wa watu.

Wazo la bembea lilitoka mdomoni mwake, ingawa hakujua. Jioni moja, moto unawaka, akasema utotoni kwao Mbulu walikuwa wanafunga kamba kwenye mti wanabembea. Akasema ukiwa kule juu ukafumba macho, kwa muda mdogo tu hukumbuki wewe ni nani.

Kesho yake nikaanza kutafuta nguzo.

Wanaotaka utaalamu wasogee hapa.

Nguzo nilinunua kwa wapasuaji mbao, mti wa loliondo. Ni mti mgumu mpaka msumari unapinda, na mchwa wanaupita kama hawajauona. Hata hivyo sehemu ya kuingia ardhini niliichoma juu juu kwa moto, nikaipaka oili chafu ya lori. Kiti nilitengeneza kwa mbao za sipresi, nikaacha nafasi kati ya ubao na ubao ili mvua ipite. Mbao ikishika maji imekwisha, hata iwe ya mti gani.

Kilichonishinda ni kamba.

Nilianza na katani, kila mtu alikuwa na katani. Wiki za kwanza safi. Lakini ukungu wetu ulikuwa unailowesha kila asubuhi, jua la saa sita linaikausha, kesho tena. Ikawa inarefuka. Kiti kikaanza kugusa majani. Siku moja nilikaa kuijaribu, upande mmoja ukakatika na mimi nikatua chini na heshima yangu yote ya bwana mifugo.

Paskalina alikuwa ananiangalia kutoka mlangoni. (Hapa ananiambia niandike kwamba alitaka kucheka ila alinionea huruma. Haya, nimeandika.)

Kwenye safari iliyofuata ya Kakesio nikamweleza rafiki yangu Lekishon, mfugaji niliyezoea kufikia kwenye boma lake. Akaleta mikanda ya ngozi ya ng'ombe, imesokotwa vizuri, imepakwa mafuta ya kondoo mpaka ni laini. Akaniambia, "Daktari, hii inafunga dume mpaka dume linazeeka." Nikamshukuru sana, nikaibeba kama zawadi ya harusi.

Na kweli ilikuwa nzuri. Ilining'inia bila kelele, ina rangi ya asali, jua la jioni likiipiga inang'aa. Niliikaza, nikajaribu, nikaenda kulala mtu mwenye furaha.

Wafugaji humu mshajua kilichotokea.

Lekishon alinipa ngozi, mimi sikumwuliza kwao usiku ngozi wanaiweka wapi. Wanaiweka ndani. Bwana mifugo mzima, nimesomea wanyama, nimetundika nyama yenye mafuta ya kondoo nje, hatua chache kutoka msitu wa Ngorongoro.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Natoka, naona nguzo zimesimama peke yake na kiti kiko chini majanini. Juu ya boriti vimebaki vipande viwili vifupi, vimetafunwa, vina mate. Na nyayo za fisi uani kote, wamefanya sherehe.

Nikasikia nyuma yangu:

"Fisi amekula bembea."

Nikageuka. Paskalina alikuwa amesimama uani. Mchana kweupe, nje, miguu peku kwenye umande. Akarudia polepole, kama anayehakikisha, kwamba fisi amekula bembea yangu. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye udongo, kanga imemwanguka begani, machozi yanamtoka, na katikati ya kicheko kile akaanza kulia kweli, halafu akacheka tena. Nami nikakaa chini karibu naye. Ng'ombe walikuwa wanalia kutaka kukamuliwa na hakuna aliyewajali.

Alipomaliza akajifuta uso, akaangalia juu kwenye boriti.

"Tumia mnyororo wa plau," akasema.

Nikamwambia huo ni wa maksai, msimu wa kulima uko njiani, na minyororo madukani haipo. Akasema maksai watavuta kwa ngozi, kwani babu zetu walilima na nini. Ngozi tutaiingiza ndani jioni, mnyororo fisi hali.

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu masika kumsikia akipanga jambo la kesho. Ningemfungia hata kwa mishipa yangu.

Nikafunga mnyororo. Alisimamia mwenyewe. Akanifanya niuvike tyubu za baiskeli pale pa kushika, kwa sababu chuma cha saa nane kinaunguza na pia kinabana vidole. Akanifanya nigeuze kiti kisitazame jua la jioni. Akaniambia kulabu ndizo zitaisha mapema, pale chuma kinaposugua chuma, kwa hiyo nipake grisi mara kwa mara. Wakuu, vijana wa siku hizi mnalipia ushauri kama huo.

Majirani walinitania msimu mzima. Walisema kuna bwana mifugo mmoja analima kwa kamba ya ngozi na kubembeza mke kwa mnyororo. Nilicheka nao, lilikuwa kweli.

Akaanza kukaa pale asubuhi. Mnyororo ulikuwa mrefu, bembea inakwenda mbali. Nikiwa bandani nakamua namwona anakwenda nyuma, ukungu unamfuta, anarudi mbele, ukungu unamwachia. Amefumba macho. Sauti pekee ni kulabu, kwii, kwii, na maziwa yanayogonga ndoo. Kuna asubuhi nilidhani bado nimelala.

Lakini lile jambo lilibaki pale pale. Jirani yetu, mama Tluway, alikuwa anapita kila siku kwenda kisimani, mtoto wake mchanga mgongoni. Anasalimia kutoka njiani, "Saita, Paskalina." Paskalina anaitikia, anasimamisha bembea kwa miguu, anaingia ndani. Wakishapita anatoka tena. Niliona nimefika mwisho wa uwezo wangu. Bembea ilikuwa imemtoa nje, ila haikuwa imemrudisha kwa watu.

Siku moja ukungu ulikuwa mzito kuliko kawaida. Niko bandani. Paskalina yuko bembeani, amefumba macho. Hakumwona mama Tluway anaacha njia. Mimi mwenyewe nilimwona akiwa tayari amefika mbele ya nguzo.

Paskalina alifumbua macho akamkuta pale. Akashusha miguu, bembea ikasimama. Pa kukimbilia hapakuwepo, mwenzake amesimama kati yake na mlango.

Mama Tluway alikuwa anafungua mbeleko.

"Na mimi nataka kupanda," akasema. "Nishikie huyu."

Paskalina akaficha mikono chini ya kanga. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama Tluway, unajua."

"Najua. Nishikie, mgongo unaniuma."

Hakumbembeleza, hakumhubiria. Alimnyooshea tu yule mtoto na kusubiri, kama mtu aliyechoka kubeba mzigo.

Sikumbuki muda ulivyokwenda. Ninachokumbuka ni mikono ya mke wangu ikitoka chini ya kanga. Alimpokea yule mtoto kama unavyopokea sufuria ya moto bila kitambaa, mbali na mwili. Mtoto akaendelea kusinzia, akageuza kichwa, akatafuta mahali pa kukiweka. Ikabidi amsogeze kifuani.

Mama Tluway akapanda, akakaa pembeni yake, akalalamika kwamba kiti kina baridi. Kiti kile nilikipima cha watu wawili, nikijihesabu mimi na yeye. Akasukuma ardhi kwa mguu. Mnyororo ukalia mara moja, ukabeba.

Wakaenda nyuma, ukungu ukawafuta wote watatu. Wakarudi.

Nilisimama na ndoo mkononi. Ndama akaja akaingiza mdomo kwenye maziwa, sikumfukuza. Nililia wakuu, siwafichi. Nilisubiri wakienda nyuma ndiyo najifuta.

Mungu alitupa watoto wengine baadaye, lakini sitaki mtu aseme hao ndio waliomponya. Alipona asubuhi ile, kwa mtoto wa mwenzake.

Basi somo langu kwa anayetaka bembea ya nje ni hili. Katani iache kama kwenu kuna ukungu au mvua nyingi. Ngozi ni nzuri, mwulize fisi. Chukua mti mgumu, acha maji yapite, chukua mnyororo na uulishe grisi. Na mtu atakayeikalia ashiriki kuichagua, usimfanyie sapraizi.

Nyie za kwenu mmefunga kwa kitu gani, na nani alikaa wa kwanza? Njooni na zenu, hata za aibu kama yangu ya fisi.

Ila kama pesa inaruhusu, msinunue ya mtu mmoja.