Mitungi Niliyoiosha Mara ya Pili

Bosi wangu alikuwa na neno moja: "Tutaongea." Alipenda kulisema Ijumaa, karibu na saa ya kufunga, ufunguo wa pikipiki ukiwa tayari mkononi. Kisha alikwenda zake. Mimi nilibaki na neno hilo Ijumaa jioni, Jumamosi kutwa, Jumapili kutwa, nikipekua kila nilichofanya wiki ile. Nilimjibu vibaya mnunuzi? Niliacha friji wazi? Jumatatu aliingia, akauliza kama kuna chai, na basi. Sidhani hata alikumbuka kwamba tulikuwa na jambo la kuongea.

Naandika haya nikiwa na hasira na sitajifanya kwamba zimepoa. Ila nyingi hazimhusu yeye. Nitafika huko.

Kazi yenyewe ilikuwa chumba cha kupokelea maziwa hapa Garsen, hatua chache kutoka njia panda. Kina mama wafugaji walileta maziwa asubuhi, tukayapima na kuyachuja, tukayajaza kwenye mitungi ya aluminiamu na kuyapakia basi la Malindi. Mimi nilikuwa msimamizi wa chumba. Kwetu Chara ni wakulima wa mpunga; maziwa niliyajua kwa kuyanywa tu. Kila kitu nilijifunza mwenyewe kwenye simu, nikinakili kwa mkono kwenye daftari kabla bando halijaisha. Sina cheti. Asiye na cheti huamka kila siku akidhani leo ndiyo ataumbuka, na mimi hata kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa kuchana insha nzima kwa sababu ya herufi moja iliyopinda.

Chini yangu alikuwepo mfanyakazi mmoja, mama wa Kiorma, mkubwa kuliko mama yangu mzazi. Aliosha mitungi kwa maji aliyoyachemsha mwenyewe, kisha akaifukiza: alitia ndani makaa ya mti fulani, akafunika, akauacha moshi ufanye kazi yake, halafu akayamwaga na kusugua kwa brashi ya nyuzi aliyoisuka kwa mkono wake. Kwao ndivyo vyombo vya maziwa vilivyotunzwa miaka yote. Moshi hukausha, huchelewesha maziwa kuganda, na huyapa harufu ambayo watu wa hapa wakiikosa hurudisha kikombe.

Daftari langu halikuwa na moshi. Siku yake ya kwanza kazini nilichungulia ndani ya mtungi nikaona chembe nyeusi chini. Nilipaswa kumwuliza. Badala yake nilisema, "Asante sana, mama," nikangoja aondoke kwenda kuswali adhuhuri, maana baada ya hapo hakurudi hadi kesho yake, kisha nikaiosha mitungi yote upya. Sabuni ya unga, sponji, maji ya bomba. Iling'aa. Niliifunika mmoja mmoja nikajisikia mtu safi.

Nilifanya hivyo wiki mbili. Nilijiambia ni heshima, kwamba mtu wa rika langu hawezi kumkosoa mtu mzima. Uongo. Niliogopa angeniuliza nimesomea wapi.

Kiswahili hakikuwa lugha yake ya kwanza, lakini hakikumzuia kusema alichotaka. Asubuhi moja aliinua mtungi, akatia pua.

"Huu hapana harufu," akasema.

"Labda ni upepo, mama."

Upepo! Ndilo jibu nililompa. Alinitazama, akaurudisha mtungi mahali pake. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walikuwa wanacheka jambo lingine, mimi na kipimo changu cha kioo nilichotumbukiza kwenye maziwa yao.

"Daktari wa maziwa, leo yangu yana homa?"

"Mwambie ampime na ng'ombe wako presha!"

Nilicheka nao.

Alhamisi ya wiki ya pili, siku ya joto hasa, mnunuzi wetu wa Malindi alipiga simu akipiga kelele. Maziwa ya mitungi mitatu yalifika yameganda. Alikuwa ameyamwaga. Mengine yakifika hivyo, alisema, tusimpigie tena. Bosi alifika dakika chache baadaye, uso umemvimba. Hakuketi.

"Nani anaosha mitungi?" aliniuliza.

"Mama," nikasema.

Neno moja, na halikuwa la uongo. Sijawahi kusema uongo mbaya kuliko huo.

Bosi akamgeukia. "Mama, tutaongea." Ufunguo ulikuwa mkononi, mguu mmoja tayari nje.

Mama akavuta kigoda, akakiweka mlangoni, akakaa. Bosi asingeweza kupita bila kumruka.

"Ongea," akasema.

"Nimesema tutaongea, mama. Baadaye."

"Baadaye iko wapi? Wewe iko hapa, mimi iko hapa. Ongea."

"Haya bosi, umefungiwa zizini leo!" sauti moja ikatoka kwenye foleni, na kicheko kikafuata.

Nadhani ni kicheko kile kilichomponza mama. Shingo ya bosi ilitutumka. "Basi kaa nyumbani kwanza," akasema, "mpaka nikuite."

Mama alisimama taratibu. "Mimi naosha vyombo ya maziwa wewe hata jino hujaota. Kosa yangu iko wapi? Nionyeshe."

Hakumwonyesha. Aliwasha pikipiki. Mama akachukua brashi yake, akanitazama kidogo tu, akaondoka. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake na mdomo wangu ulikuwa mzima. Haukufunguka.

Mchana ule hapakuwa na wa kuosha kabla yangu. Nilifungua bomba, na kwa mara ya kwanza nikayatazama maji. Mto, ambako maji ya bomba letu hutoka, ulikuwa umejaa juma zima. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa. Hayo ndiyo niliyokuwa nasuuzia mitungi iliyokwisha kukaushwa kwa moshi, kisha naifunika ingali mibichi, ikae hadi asubuhi kwenye joto. Nilifungua daftari. Ukurasa wa tatu, kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wangu mzuri: "Kausha kabisa kabla ya kufunika." Nilikuwa nimepigia mstari mara mbili.

Nililitupa daftari ukutani. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Kisha likaja lililoniuma zaidi. Yale yote niliyomlaumu bosi, kuniacha nibahatishe, kunihukumu bila kunisomea shtaka, nilikuwa nimemfanyia mama yule kila adhuhuri. Tofauti ni kwamba bosi angalau alisema kuna jambo. Mimi nilisema asante sana.

Nilipaswa kukimbia kwenda kusema siku ileile. Sikukimbia. Ijumaa niliandika ujumbe kwenye simu nikaufuta, nikauandika tena nikapanga koma. Koma! Mtu amekaa nyumbani kwa ajili yangu na mimi napanga koma. Jumatatu nilimwambia bosi kwa mdomo, vibaya, bila mpangilio: mimi ndiye niliyeharibu, mama hana kosa, mwite.

Alinisikiliza. Akakuna kidevu. "Haya," akasema. "Tutaongea."

Sijui nilipata wapi miguu. Nilivuta kigoda kilekile, nikakiweka palepale mlangoni.

"Ongea sasa, bosi."

"Na wewe pia?"

"Na mimi pia."

Alicheka, akaacha kucheka, akatazama ufunguo. "Sijui niseme nini," akasema mwisho. "Nikiwa na hasira sijiamini. Naogopa nitatukana mtu."

"Kwa hivyo unaondoka."

"Kwa hivyo naondoka. Zikipoa, naona hakuna haja tena."

"Zinapoa kwako. Mimi wikendi yote silali wala sili."

"Kwa neno hilo tu?" Alishangaa kweli, mdomo wazi. "Si ungeniambia, dada?"

Mwaka mzima nilikuwa namfikiria kama mtu anayenitesa kwa makusudi, kumbe hakujua. Hilo halikupunguza hasira zangu hata chembe. Ziliongezeka. Mtu akikukanyaga bila kujua, mguu unauma vilevile, na sasa huna hata wa kumchukia vizuri.

Mchana nilikwenda kwa mama, upande wa mji unaotazama mbuga. Alikuwa kivulini anasuka nyuzi. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kabla hajanikaribisha.

"Najua," akasema, mikono haikusimama.

"Tangu lini?"

"Juma ya kwanza. Mimi iko na pua."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nangoja wewe sema. Wewe ndiyo mkubwa ya kazi." Alikata uzi kwa meno. "Mimi nikikosa, niambie, hapa, usoni. Usioshe nyuma yangu. Maiti peke yake ndiyo inaoshwa bila kuulizwa. Mimi nimekufa?"

"La, mama."

"Basi."

Nilimwomba arudi. Akakataa kwa kichwa. "Yule ndiyo alisema kaa nyumbani. Yeye mwenyewe aje aseme rudi. Na mdomo, simu hapana."

Nilimpelekea bosi maneno hayo kama yalivyo. Jumanne nzima alikuwa na shughuli nyingine. Nilikiweka kigoda mahali alipoweza kukiona. Jumatano alienda. Sikumfuata, kwa hiyo sijui alisema nini. Alirudi shati limelowa mgongoni, akanywa maji vikombe viwili.

Alhamisi mama alikuja na brashi yake. Aliosha, akafukiza, akasugua, kisha akanisogezea mtungi wa kwanza, akakunja mikono, akangoja. Nilichungulia. Pale chini palikuwa na chembe nyeusi, ileile au ndugu yake.

"Mama," nikasema, "hapa chini kuna weusi. Sijui kama ni kosa au ndivyo unavyotakiwa kuwa."

Akainama, akatazama. "Hiyo ni makaa. Nimebakisha." Aliingiza brashi, akasugua mizunguko miwili, akapindua mtungi, akaupiga kwa kiganja. Chembe ikaanguka sakafuni. "Sasa?"

"Sasa sawa."

Basi. Ni hayo tu. Yalikwisha kabla wanawake wa foleni hawajamaliza kusalimiana. Maziwa ya mitungi mitatu yalimwagwa, mtu mzima akatolewa kazini mbele ya watu, kwa sababu ya maneno haya ambayo ningeweza kuyasema siku ya kwanza. Nilitamani kupiga ukuta ngumi. Nadhani ilionekana usoni, kwa maana mama alinigonga mkono kwa ubavu wa mtungi uliofuata.

"Haya, daktari," akasema. "Huu nao. Tazama."