Niliyakalia Masafa Wenzangu Waliyokubaliana Kuyaacha Wazi

Kosa ni langu. Msinitafutie wa kugawana naye lawama.

Mimi ni mzee. Shule niliishia njiani, lakini redio nilijifunza mwenyewe kwa kuzifungua na kuungua vidole. Mtihani wa leseni ya redio za ridhaa, hizi za watu binafsi kuongea hewani, niliufanya nikapita! Kasulu nzima, antena ndefu ni yangu.

Wenye redio hizi tuko wachache, Kasulu, Kibondo na vijijini. Wenzangu walikubaliana masafa fulani yawe ya kuitana tu. Mtu akiitika, mnahamia kwingine, ili mwenye shida apate nafasi. Kuna vijiji simu hazishiki.

Nikamkabili mwalimu aliyeleta wazo hilo, mtu wa Tanga. "Nionyeshe sheria inayosema hivyo!"

"Sheria haisemi, mzee wangu. Tumeelewana tu, kwa heshima."

"Basi kaheshimianeni huko! Leseni sikupewa na wewe."

Ikawa nikiongea kwenye masafa yale wananipigia mluzi hewani ili nitoke. Nikazidi kiburi.

Siku moja mchana nilikuwa hapohapo, napiga soga na mwenzangu wa Kigoma. Kila akiongea, nasikia mkwaruzo chini ya sauti yake. Nikajua ni walewale. Nikapandisha nguvu ya mtambo hadi mwisho. "Pigeni mluzi mpaka mchoke! Sitoki!"

Jamani! Baadaye ndipo nikajua: mkwaruzo ule ulikuwa sauti ya rafiki yangu wa kijiji cha Busunzu, naye ana redio. Mkewe ameumwa na nyoka, kifutu, kwenye shamba la mihogo, anaita gari kutoka Kibondo. Na Kibondo walinisikia mimi tu!

Akamfunga kwenye baiskeli, akaisukuma mpaka barabarani. Hospitali walifika jioni. Mguu ulikuwa umeshaharibika, madaktari wakaukata chini ya goti.

Nilimwendea mwalimu. "Nishitakini basi!"

"Kwa lipi, mzee? Hukuvunja sheria."

Afadhali angenitukana. Tangu hapo situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje, nikitoka sijui nilifuata nini. Hata haya nayaandika huku naacha kalamu, narudi, naacha tena.

Nilikwenda Busunzu kuomba radhi. Rafiki yangu aliniona akachukua jembe, akapita kando bila kunisalimu. Mkewe alinipa kiti. Akaniuliza taratibu, "Shemeji, siku ile mlikuwa mnaongea nini?"

Nilikuwa nasimulia jogoo wangu alivyomkimbiza jogoo wa jirani.

Nilimwambia hivyohivyo. Ningemdanganya nini tena? Akaniangalia, akasema, "Kumbe," akaendelea kuchambua maharage.

Ninyi mnaosema "nionyeshe sheria" kila mnapoombwa kitu kidogo, nisikilizeni! Wenzako wakikuomba uache nafasi, iache. Na ukisikia mkwaruzo hewani, achia kitufe cha kuongelea, sikiliza, uliza ni nani. Ni kuuliza tu.

Mimi sikuuliza.