Daftari la Nane

Nilisimama mbele ya picha ambayo sikuichora, lakini kila mstari ulikuwa wangu.

Naapa sikuwa nimelewa.

Mimi ni mchoraji wa penseli. Nilikuwa na shoga yangu, urafiki wa miaka kumi na mbili, fundi wa kompyuta. Mwaka jana aliniomba madaftari yangu saba ya michoro, aifundishe kompyuta kuchora kama mimi.

"Maonyesho yatakuwa yetu, shoga. Majina mawili ukutani."

Nikampa. Tena nikamsindikiza hadi kituoni, nimembebea mzigo mwenyewe. Mjinga mimi!

Siku ya maonyesho, ukutani jina lilikuwa moja tu. Lake.

Nikamvuta pembeni. "Jina langu liko wapi?"

"Usinianzishie leo. Imechora mashine, si wewe."

Kabla sijamjibu, mgeni mmoja akamuuliza mbona watu wote pichani wameficha mikono: mifukoni, mgongoni, chini ya meza.

Shoga akakohoa kidogo. "Hicho ni kilio cha wanyonge walionyang'anywa uwezo."

Watu wakapiga makofi!

Uzalendo ukanishinda. "Kilio gani? Mimi sijui kuchora vidole! Miaka yote naificha mikono, na mashine imeiga hadi udhaifu wangu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Shoga akatafuta pa kuficha uso. Nikajiona mshindi, nikaanza kutembea kwa maringo.

Hadi nilipofika kwenye picha ya mwisho.

Mama yangu mzazi, kitandani, wiki yake ya mwisho. Kovu la shavuni, kitambaa kichwani, kila kitu.

Mama nilimchora kwenye daftari la nane. Sikumwonyesha mtu. Nililifungia kabatini, na ufunguo wa pili alikuwa nao mdogo wangu peke yake.

Naye alikuwa pale mlangoni, anapokea wageni.

"Ulimpa daftari la mama?"

Akainamisha kichwa. "Dada, alisema picha zako nyingine hazina uchungu. Akaniahidi kazi."

"Si ungeniuliza?"

"Ningekuuliza, ungekataa."

Ya shoga niliyameza. Ya mdogo wangu yananiuma hadi leo, sifichi.

Jamani, mashine haikuniibia kitu. Yenyewe inakula inacholishwa. Kabla hujaitukana, tazama nani ameshika kijiko.