Basi Lililoondoka Bila Sisi

Nyinyi wajukuu mtakaosoma haya, mmezoea kuniuliza kwa nini sikupanda basi la kurudi Tanzania. Kaeni chini. Kisomo sina, mama yenu ndiye ananiandikia; kumbukumbu ninayo.

Babu yenu alinioa Morogoro akiwa mkimbizi wa siasa. Nchi yake, hii ya huku kusini, ilipokombolewa nikamfuata, tukapanga hapa mtaa wa Joubert Park, na hapa ndipo alipofia. Nilikuwa nimekaa eda, mjane hatoki nje mpaka muda wake uishe, vijana walipoanza kuvunja maduka ya wageni. Wakawa wanapanda jengo kwa jengo, wanagonga milango, wanauliza nani si mwenyeji.

Mwenyekiti wa Watanzania tuishio hapa akaja mbio, jasho linamtoka.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Basi liko chini. Wanawake na watoto wote tunawarudisha nyumbani. Shehe amesema kwa dharura hii unaweza kutoka."

"Marahaba. Nikitoka leo, kesho nyumba hii ina mwenyewe mwingine. Shehe amesemaje hapo?"

"Mama, bora roho."

"Roho yangu iko humu humu. Nenda, usije ukaachwa na basi lako."

Mama yenu alikuwa ameshafunga mabegi, yake na yenu mliokuwa bado wadogo, analia. Nikamwacha alie.

Jirani yetu, mama wa Kizulu, alisikia kilio hicho kupitia ukuta. Akaingia bila hodi, akaburuta godoro langu hadi sebuleni, akalitandika sakafuni, akawasha mshumaa. Kwao mjane hukaa juu ya godoro chini, na anayeingia lazima aheshimu msiba. Akaniketisha, naye akakaa ubavuni. "Mlango uacheni wazi," akasema. "Waone."

Wakapanda kweli, na marungu. Wa mbele akaliona godoro, akavua kofia upesi.

"Eish. Pole, gogo," akasema; gogo kwao ni bibi.

"Pole gani hiyo, na rungu mkononi? Mume wangu ni wa hapa, na kaburi lake liko hapa. Mama yako anajua ulipo?"

Wenzake nyuma wakamcheka. Akaficha rungu mgongoni, wakashuka ngazi. Huko chini basi likapiga honi, likaondoka.

"Wakirudi je, Mama?" mama yenu akauliza.

"Watanikuta."

Nikamwambia afungue mabegi, atoe sare zenu za shule azipige pasi. Kesho kila mtoto aende darasani, na akiulizwa kwao wapi, ataje mtaa huu.